Kila Ndege na Ubawa Wake



Ndugu wasomaji, katika Aziziya zetu mbili, ya Riyadh na ya Jeddah, wamo wenye kusimamia watu: msimamizi wa duka, mkuu wa karakana, mama mwenye kupanga zamu za wauguzi. Mwezi huu tumeona tuzungumze nao, na tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Tulipoanzisha darasa la watoto la Ijumaa, tulimkabidhi ndugu mmoja daftari la fedha kwa kuwa ni mwaminifu. Uaminifu alikuwa nao kweli, lakini hesabu hakuwa nayo. Baada ya miezi mitatu daftari lilivurugika, minong'ono ikaanza, naye kwa haya akaacha kuja. Hakuchukua hata riyali moja. Sisi ndio tuliomdhulumu kwa kumtwisha asichokiweza. Ilhali ndugu huyo huyo akiwasimulia watoto visa vya Mitume, hakuna anayenyanyuka mpaka amalize. Hilo tuliliona kila wiki, wala hatukulitumia.

Tulikuwa tumelisahau somo la Madina. Sahaba Abdullah bin Zayd (r.a.) ndiye aliyeoteshwa maneno ya adhana. Lau ingekuwa kwetu, tungesema mwenye ndoto ndiye mwenye haki ya kuadhini. Bwana Mtume (s.a.w.) alimwamuru amfundishe Bilal (r.a.) maneno yale, kwa kuwa Bilal ndiye aliyekuwa na sauti nzuri zaidi. Wa kwanza hakuvunjiwa heshima, kwani alipewa kufundisha. Wa pili akapewa kazi iliyolingana na kipaji chake.

Tutazame na zama zilizo karibu nasi. Sultan Qaboos aliposhika utawala wa Oman mwezi Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Aliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee, na wengi walitoka Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki. Kwa baadhi yao Kiarabu kilikuwa kizito ulimini. Lakini walikuja na elimu ya shule na Kiingereza, navyo vilihitajiwa maofisini, mahospitalini, mashuleni na katika kazi za mafuta. Wakaajiriwa, wanaume kwa wanawake, kwa kile walichokuwa nacho. Hawakungojewa kwanza wakamilishe walichokikosa.

Basi wewe uliyepewa watu, fanya mambo matatu. Kwanza, tazama ni kazi gani mtu huifanya vizuri bila ya kusukumwa. Pili, muulize, fundi aliyeandikwa mpakizi huenda asiseme mpaka aulizwe. Tatu, udhaifu wa mmoja uzibe kwa nguvu za mwenziwe: mchangamfu akae na wanunuzi, mkimya mwenye makini ahesabu bohari. Ila kazi nzito na isiyopendwa igawanywe kwa zamu, kipaji kisije kikawa kisingizio cha kumchosha mmoja.

Sisi tulimwendea ndugu yetu nyumbani tukamwomba radhi. Daftari sasa limo mikononi mwa mama mmoja muuza maandazi, ambaye nusu riyali haimpotei. Naye ndugu yetu, kila Ijumaa, anasimulia.

Wabillahi tawfiq.