Mwacheni Bi Mkubwa Akae Eda Yake

Dada zetu, na hasa nyinyi maharusi watarajiwa. Leo hatuna habari ya singo wala ya piko. Leo tuna ugomvi, na tunaanza kugombana na nafsi zetu.

Kuna neno tunalisema msibani bila ya kulipima: "Alikuwa mtu mzima, kapumzika." Nia ni njema, lakini tazameni tunamwambia nani. Tunamwambia bibi wa miaka 70 na kitu, amekaa mkekani, kajitanda leso, ambaye tangu kuolewa kwake hajui kulala nyumba asiyokuwamo yule mtu. Kwetu sisi aliyekufa ni mzee. Kwake yeye ni mumewe.

Sheria yetu imelijua hilo kabla yetu. Mwanamke akifiwa na baba, na mama, na kaka, hata na mtoto, mwisho wa kuacha mapambo ni siku 3. Akifiwa na mume, naye hana mimba, ni miezi 4 na siku 10. Basi hesabuni: katika msiba ule ule mmoja, sisi mabinti tuna siku 3 na mama yetu ana miezi 4 na siku 10. Na msituambie kuwa eda ni ya kujulia mimba tu. Bibi aliyekoma kuzaa zamani anakaa eda ile ile anayokaa bi harusi ambaye mumewe kafa kabla hata ya kumwingilia.

Sisi tunafanya nini? Tunampa siku zetu. Hitma ikisomwa, sinia zikishaoshwa, tunataka acheke. Akilia wiki ya tatu tunamwambia hana subira, kama kwamba Mtume (S.A.W.) hakutokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni mayowe na kuchana nguo.

Sisi wenyewe tulifanya kibaya zaidi. Baba alipofariki, siku ya tano tulifungua kabati, tukafunga kanzu, kofia na vikoi vyake ndani ya shuka, tukavitoa sadaka ili mama asivione. Hatukumuuliza. Hatukukumbuka hata kuwa nguo za maiti ni mali ya urithi, na mama ana thumni yake humo. Usiku alikuwa akitafuta kikoi kimoja tu cha kujifunika. Arubaini haijafika, tushakaa kikao cha nyumba: nani achukue ufunguo, nani aondoke na mama. Bado yu kizuka, na sisi tunamkatia tikiti ya boti ya kwenda Dar.

Alituuliza neno moja: "Eda yangu nitaikaa nyumba ya nani?"

Tukanyamaza, maana jibu lipo tangu zama za Mtume. Furay'a binti Malik aliuliwa mumewe, akaomba arudi kwa watu wake, akaambiwa abaki nyumbani kwake mpaka muda wake uishe. Wanavyuoni wengi wameshika hapo. Kutoka kwa dharura, kama kwenda hospitali, kuna ruhusa yake. Lakini kumhamisha kwa sababu watoto tunaona tabu kupokezana kulala kwake, hiyo ni dharura ya nani?

Mtasema ana presha, ana sukari, nani atamtazama? Swali la haki. Mbona baba alipolala kitandani miezi ile yote tulipokezana, na hakuna aliyesema kwake ni mbali? Tuseme kweli, mara nyingi tunatafuta raha yetu na tunaiita huruma.

Tunapopotea ni kuwa wazee hawa hawakuambiana "nakupenda" mbele yetu. Hatukuwahi kuwaona baba na mama wameshikana mikono. Lakini baba hakutia tonge mdomoni mpaka mama akae, na mama kwa kikohozi tu alijua mwenziwe kaamka vibaya. Alipofiwa, wiki nyingi aliendelea kuteremsha vikombe viwili vya chai ya alasiri. Sisi tukamkumbusha mbele ya wageni: "Mama, baba hayupo." Alikuwa anajua.

Wazee wanaume nao, kwa kuwa hawana eda, tunadhani hawana msiba. Mwezi haujesha washaletewa jina la mjane wa mtaa wa pili, na wakimtaja marehemu wanachekwa. Kuoa tena ni halali, hatugombi nalo. Lakini Mtume aliyeishi na Bi Khadija kiasi cha miaka 25 alioa baada yake, na bado alikuwa akichinja akiwapelekea nyama mashoga wa Bi Khadija, na akisikia sauti ya Hala, dada yake marehemu, hali yake ilibadilika. Aliyetusimulia ni Bi Aisha mwenyewe, pamoja na wivu wake.

Nyinyi maharusi, somo atakufundisheni kujifukiza udi, kuvaa kikuba na mambo ya chumbani. Nani kakwambieni kuwa huyo bwana, Mungu akijaalia, mtazeeka pamoja na mmoja atamzika mwenziwe? Kabla ya akdi nendeni kwa bibi zenu wajane, mkawaulize habari za waume zao: alipenda chakula gani, aligombana vipi, alicheka vipi. Na mahari yenu muyajue mapema. Yasiyolipwa ni deni, hutolewa kabla ya urithi kugawiwa, na wako bibi wanaoona haya kuyadai mbele ya watoto wao wenyewe.

Mama yetu hakupanda boti. Eda kaimaliza kwake, mjukuu analala naye, na habari ya kuuza nyumba tumeafikiana isitajwe akiwa hai. Kile kikoi tulikwenda kukiomba kwa tuliyempa, na haya zimetujaa. Akatutolea viwili.