Bata mzinga: Mlimani kilima kinamlinda, tambarare atalindwa na nani?

MAREKANI wana msimu mmoja ambao hauna uwanja wala tiketi. Kuanzia Machi hadi Mei, kutegemea na jimbo, maelfu ya watu wanaamka alfajiri, wanavaa kombati za rangi ya majani na kuingia porini kumsaka bata mzinga. Siyo yule wa kufugwa anayezubaa uani. Huyu ni wa porini, dume la kilo 7 hadi 11, analala juu ya mti, anaruka vizuri tu, na akiamua kukimbia humkamati.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Wakati huu wa machipuko anayelengwa ni dume. Mwindaji anakaa chini ya mti, anaiga sauti ya jike, halafu anasubiri dume asogee mpaka mita 35 hivi, umbali ambao shotgun inaua badala ya kujeruhi. Dume asiposogea, hakuna mechi.

Ubishi wa miaka yote kwenye vijiwe vya wawindaji ni mmoja: wapi pagumu zaidi, mlimani au tambarare? Zamani ulikuwa ubishi wa kupitisha muda. Sasa hivi una uzito, kwa sababu majimbo kadhaa yanapunguza ruhusa ya kuwinda, na jibu la ubishi huo linagusa sheria zenyewe.

Mlimani: mapafu na masikio

Chukua milima ya Appalachian, upande wa mashariki. Dume anaita alfajiri akiwa juu ya mti, lakini sauti inagonga miteremko na kurudi. Mwindaji anadhani ndege yuko ng'ambo ya pili, kumbe yuko nyuma ya kilima alichoegemea. Akikosea kusoma sauti, anashuka korongo na kupanda tena, na akifika juu akiwa hoi, ndege kashaondoka.

Milima ya Rockies upande wa magharibi ina shida nyingine. Bata wa huko, aina ya Merriam's, hushuka chini wakati wa baridi na kupanda tena theluji inapoyeyuka. Pori ulilowakuta wiki iliyopita linaweza kuwa tupu leo.

Lakini mlima una zawadi yake. Mwindaji mjanja anajificha chini kidogo ya kilele cha kilima, halafu anaita. Dume anayepanda upande wa pili anasikia jike ila hamuoni. Ili amuone, lazima afike juu. Akichungulia tu, tayari yuko ndani ya mita 35. Kilima kinamficha mwindaji mpaka dakika ya mwisho, ndiyo maana wazoefu wa milimani wengi hawahangaiki kubeba sanamu za bata.

Tambarare: vita ya macho

Nenda Kansas au Texas uone mambo yanavyogeuka. Miti ni michache, na bata aina ya Rio Grande hulala kwenye miti iliyo kandokando ya mito na vijito, mara nyingi miti ileile. Kumpata anapolala siyo kazi kubwa. Kazi ni kumsogelea.

Bata mzinga ana pua dhaifu, ila macho yake ni balaa. Kwenye uwanja wazi anasimama mita 150, anatazama sauti inapotokea, haoni jike yeyote, anageuka na kwenda zake. Ukinyanyua mkono kukuna shavu, kakuona.

Florida nayo ni tambarare, lakini ya mabwawa. Bata aina ya Osceola, ambaye duniani anapatikana kwenye rasi ya jimbo hilo tu, hupenda kulala kwenye miti iliyoota majini. Hapo mguu wako ndani ya maji unasikika kabla hujafika popote.

Kwa hiyo kimwili, mlima unachosha zaidi. Kiakili, tambarare ndiyo ilikuwa ngumu, kwa sababu ndege alikuwa na faida ya kuona kwanza.

Sanamu zikavunja ukuta

Neno muhimu hapo ni "alikuwa". Sanamu za bata za siku hizi zimetengenezwa zikafanana na ndege hai. Dume akiwa kule mita 150 anamuona "jike", au anaona "dume" mgeni kaingia kwenye himaya yake, anakuja mbio kugombana. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: wanajificha nyuma ya mkia wa dume uliotandazwa na kumtambalia ndege uwanjani. Mbinu hii ni ya hatari hata kwa binadamu, maana mwindaji mwingine akiona mkia huo anaweza kufyatua.

Ukiangalia vizuri, vifaa hivi havijabadilisha sana mchezo wa mlimani, ambako kilima kinaziba macho ya ndege. Vimebadilisha tambarare. Ile beki pekee aliyokuwa nayo bata kule, macho yake, imegeuzwa kuwa mtego.

Majimbo yamekaza kamba

Hapa ndipo penye hofu. Miaka ya 1930 bata mzinga wa porini Marekani walikuwa wamebaki kama 200,000. Wakakamatwa kwa nyavu na kuhamishiwa mapori yaliyobaki matupu, kazi iliyolipiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya bunduki na risasi iliyoelekezwa kwenye wanyamapori kwa sheria ya mwaka 1937. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikaribia milioni 7. Tangu hapo wameshuka tena, hasa majimbo ya kusini mashariki.

Mwaka 2022 Alabama ilishusha kiwango cha msimu kutoka ndege 5 hadi 4 kwa mwindaji, na kupiga marufuku sanamu siku 10 za kwanza. Mwaka 2023 Tennessee ilichelewesha ufunguzi kwa wiki mbili na kushusha kiwango kutoka 3 hadi 2. Mwaka huohuo Kansas ilisimamisha uwindaji wa vuli.

Uwindaji siyo mshitakiwa pekee. Viota vinaliwa na wanyama, mvua inaua vifaranga, na mashamba yanabadilika. Tena watafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee walipofuatilia uamuzi wa kuchelewesha msimu, hawakuona uzazi ukiongezeka. Kusogeza tarehe peke yake, basi, siyo dawa.

Uamuzi wa Alabama kuhusu sanamu ndio unaogusa kidonda. Pennsylvania, jimbo la milima, nayo imeshikilia msimamo wa zamani: kumnyatia bata ni kosa, lazima umuite mwenyewe aje. Huko sheria na mlima vinavuta upande mmoja.

Tatizo la tarehe na viwango ni kwamba vinambana sawa anayepanda milima kwa miguu na anayetambaa shambani nyuma ya mkia wa bandia. Mlimani, mwindaji akichoka ndege anapona. Tambarare hakuna mwamuzi wa aina hiyo. Majimbo yakitaka kumrudishia bata nafasi yake ya kushindana, yaanze na mabegi ya wawindaji wa kwenye uwanja wazi, halafu ndiyo yahamie kwenye kalenda.