Kushika bunduki ya risasi moja si ujambazi

Najua nimepotea humu miezi mingi, lawama nazipokea. Kazi ya usiku kwenye maghala ya hapa Brampton inammaliza mtu, siku ya mapumziko ukijilaza kidogo unaamka jioni. Leo nimeamka mapema kwa hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kama nagombana.

Chanzo mnakijua. Ile picha niliyomtumia mdogo wangu mmoja TU ikaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Kufika saa nne usiku nilikuwa nimeshakuwa jambazi, mamluki, mtu aliyeharibiwa na Wazungu. Shemeji mmoja (anajijua) akauliza kama huku Kanada kazi za halali zimeisha. Hayo ningeyacheka. Lakini hii ni wiki ya tatu mama hapokei simu yangu, na hilo silicheki.

Sasa nisikilizeni. Kile nilichoshika ni nakala ya Sharps ya mwaka 1874, imetengenezwa Italia na kampuni ya Pedersoli. Haina magazini. Unashusha wenzo wa chini, kizibo cha chuma kinateremka, unatia risasi MOJA, unafunga, unavuta nyundo, unalenga. Ukifyatua, linatoka wingu jeupe la baruti nyeusi linalonuka kama yai viza, na ubao wenyewe huuoni mpaka upepo upite. Kisha unaanza upya. Saa nzima nikipiga risasi ishirini nimefanya haraka. Nikirudi nyumbani, maji ya moto na sabuni, nasugua mtutu kama sufuria ya ugali, maana masizi ya baruti hiyo yanakula chuma usiku mmoja tu. Jambazi gani ana subira hiyo?

Mnaniuliza raha iko wapi. Raha iko kwenye pumzi. Wiki nzima nasukumwa na msimamizi na mashine inayohesabu maboksi yangu, halafu Jumamosi naendesha gari kutoka nje ya mji, nalala kifudifudi, na hakuna wa kuniharakisha. Nikikosea, nimekosea mwenyewe, na tundu kwenye karatasi linaniambia ukweli.

Tena sisi watu wa Iringa ndio wa kunishangaa? Kila mgeni tunampeleka Kalenga, tunamsimulia Lugalo, Agosti 1891, jinsi watu wa Mkwawa walivyowavamia Wajerumani kwa mikuki na kuondoka na bunduki zao. Hizo zilikuwa Mauser za mwaka 1871, za risasi moja moja na baruti nyeusi, ukoo mmoja na hii yangu. Hata mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado nazo, na moshi ule uliwaonyesha adui walipo. Mkwawa anayo, ni shujaa. Mimi ninayo, natoboa karatasi, ni muhuni!

Na msidhani huku zinauzwa kama nyanya. Nilisoma kozi ya usalama, nikafanya mtihani wa maandishi na wa vitendo. Fomu ya leseni inauliza kama umewahi kuugua akili, kama umeachana na mtu karibuni, na mke wangu alitakiwa kutia saini. Anayeomba mara ya kwanza anasubiri siku 28 kwanza. Nyumbani inakaa bila risasi, chini ya kufuli.

Hapa nawageukia pia baadhi ya wenzangu wa klabu, kwa sababu nao wananichosha. Tangu serikali ilipopiga marufuku aina 1,500 za bunduki za mtindo wa kivita Mei 2020, baada ya mtu mmoja kuua watu 22 kule Nova Scotia, kisha ikasimamisha uuzaji wa bastola Oktoba 2022, wanalia kila Jumamosi kwamba wanaonewa. Mimi silii. Mwenye kuhitaji risasi thelathini kutoboa karatasi hajui kulenga. Nimewaambia hivyo usoni, mmoja hanisalimii tena.

Nimebakiza neno la mama, ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu mwanzo.

Alimwambia dada: "Mjomba wake aliuawa na risasi moja." Ni kweli. Mwaka 2006, dukani kwake, akifunga mahesabu. Risasi moja ilitosha. Kwa hilo sina jibu la ujanja, na hadithi za moshi na subira hazilifuti. Mama, mara ya kwanza nilipofyatua nilimkumbuka mjomba kabla sijaisikia sauti vizuri. Mikono ilitetemeka, nikaiweka chini, nikaenda kukaa garini. Nilirudi wiki iliyofuata kwa sababu nilichoka kuogopa kila kishindo, kila mlango wa lori unaobamizwa ghalani. Sasa sishtuki. Picha ukutani sitaweka, mwanangu sitampeleka mpaka awe mtu mzima aombe mwenyewe, na nikija likizo sitaitaja mbele yako. Kuiuza, hapana.

Wewe mdogo wangu uliyesambaza picha, msomee mama yote haya, usiruke mahali. Jumapili akitoka misa nitapiga simu.