PAZIA PEKE YAKE HALITOSHI



Wako watakaouliza chama cha wafanya kazi kinatafuta nini katika habari za piano na fidla. Twawajibu upesi. Mpiga muziki ni mfanya kazi. Anauza kazi ya mikono yake na pumzi yake, na huko Marekani wapigaji wana chama chao tangu mwaka 1896. (Hatuwasifu kupita kiasi. Chama hicho kilikuwa na matawi ya weusi mbali na matawi ya weupe. Los Angeles yaliunganishwa mwaka 1953 na Chicago yakangoja mpaka 1966.) Tena mtoto wa memba wetu akiwa na kipawa cha muziki, mlango wa chuo ndio mlango wake wa kazi. Twautazama mlango wa Marekani kwa sababu vyuo vikubwa viko huko, na vijana wa Kenya nao hupeleka maombi yao huko.

Mambo yako hivi. Kijana haingii chuo cha muziki kwa cheti cha shule tu. Lazima apige ala yake mbele ya watahini. Kabla ya hapo, katika vyuo vingi, hutakiwa kutuma video, na wengi huchujwa papo hapo. Alipe ada ya maombi, ambayo katika vyuo vikubwa kadhaa hupita dola 100 kwa chuo kimoja, naye haombi chuo kimoja. Amtafute mpiga piano wa kumsindikiza, na huyo hulipwa. Akiitwa, apande ndege, alale hoteli, na mzazi mmoja aache kazi siku mbili tatu. Gharama zote hizo ni kwa ajili ya dakika kumi au kumi na tano. Na ala yenyewe hatujaitaja. Basuni nzuri yaweza kupita dola 20,000, na hapo ni mti na vyuma tu, bila mwalimu.

Liko jambo jingine, nalo latuchoma zaidi. Ni desturi huko kijana kumwendea kwanza mwalimu wa chuo, amfundishe somo moja kabla ya majaribio. Mara nyingi somo hilo hulipiwa. Baadaye mwalimu yule yule huketi mezani kumsikiliza. Wao husema ni kufahamiana tu, ili mwanafunzi na mwalimu waone kama watapatana. Labda. Lakini kwetu mtu akimlipa msimamizi kabla ya siku ya kuandikwa kazi, jambo hilo lina jina lake, na kila mtu aliyewahi kusimama getini asubuhi analijua.

Mwaka 1951 binti mweusi wa miaka 18, Eunice Waymon wa Tryon, North Carolina, alikwenda Philadelphia kupiga piano mbele ya watahini wa chuo cha Curtis. Watu wa mji wake walikuwa wamemchangia fedha za masomo. Sisi tungeiita harambee. Alikuwa amejitayarisha Juilliard, New York, kiangazi cha 1950. Akakataliwa. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Nina Simone. Mpaka kufa kwake, Aprili 2003, alisema ni rangi yake iliyomfungia mlango. Watu wa chuo wamesema sivyo, nafasi zilikuwa chache na wengine walipiga vizuri zaidi. Siku chache kabla hajafa, chuo hicho hicho kikampa shahada ya heshima.

Nani alisema kweli? Hatuwezi kuamua, na hilo ndilo kosa lenyewe. Hukumu ilitolewa na watu waliomwona uso. Tena kumbukeni, Curtis hakitozi ada ya masomo tangu mwaka 1928. Kwa hivyo anayesema dawa ni masomo ya bure ametibu nusu. Chakula cha bure ndani ya nyumba iliyofungwa hakimshibishi aliye nje.

Katika okestra walipata dawa ya namna moja, nayo ni pazia. Boston walilitumia mwaka 1952, na baadaye, tangu miaka ya 1970, likaenea. Mwombaji hupiga nyuma ya pazia, watahini wasikie sauti bila kuona mtu. Katika okestra tano kubwa, wanawake walikuwa chini ya 5 katika kila 100 mwaka 1970; kufikia 1997 walikuwa kama 25. Pazia lilikuwa na sehemu katika hayo, nasi twaliunga mkono. Lakini tazameni upande wa pili: mwaka 2014 wapigaji weusi katika okestra za Marekani walikuwa 1.8 tu katika kila 100, na weusi katika nchi ile ni kama 13 katika 100.

Kwa nini pazia halikuwasaidia wao? Kwa sababu pazia huficha uso, wala halifichi miaka kumi ya masomo ya kulipia. Nyuma ya pazia, mtoto wa daktari aliyefundishwa tangu ana miaka mitano na mtoto wa mfagiaji aliyeazimwa fidla ya shule mwaka juzi husikika tofauti. Watahini wanasikia fedha, nao wanaita kipawa.

Hapo ndipo sisi watu wa karakana tuna neno la kuwaambia mabwana maprofesa. Fundi na mwanagenzi hawapimwi kwa kipimo kimoja! Mtu akitaka mtihani wa ufundi wa serikali, Gredi III, II au I, mpe chuma, mpe mchoro, asimame kando mtu asimsaidie. Hiyo ni haki, kwa kuwa anadai kuwa fundi. Lakini mwanagenzi anakuja kwa sababu HAJUI. Msimamizi mwenye akili humpa tupa, humwonyesha mara moja, kisha hutazama mkono wake unavyobadilika mara ya pili na ya tatu. Okestra inaajiri fundi, basi pazia na lianguke mpaka chini. Chuo kinachukua mwanagenzi. Kwa nini basi kinamtaka awe fundi mlangoni?

Twataka vyuo vimfundishe kijana kidogo palepale katika majaribio, vipime alivyoshika. Ada na nauli ziondolewe kwa asiye nazo, au watahini ndio wasafiri. Video ya simu ikubaliwe bila kudharauliwa. Kinachopimwa kiandikwe kabla ya mtu wa kwanza kupiga, na anayekataliwa apewe sababu zake. Aliyemfundisha mwombaji kwa malipo asiketi mezani.

Watasema twataka kushusha kiwango. Kiwango cha chuo ni pale mwanafunzi anapotoka. Kama chuo kinawapokea walio tayari tu, kazi ya kufundisha waliifanya wazazi, nacho kinachukua sifa.

Na hapa kwetu tusicheke. Shule nyingi za sekondari za serikali hazina mwalimu wa muziki, sembuse piano. Mtaala mpya una mkondo wa sanaa na michezo, vizuri sana, lakini mkondo haumpi mtoto ala. Katika nyumba za wenye nacho, mtoto hupitishwa mitihani ya bodi ya London iliyoundwa mwaka 1889, gredi ya 1 mpaka ya 8, na kila gredi na malipo yake. Kijana wa Siaya aliyejifunza nyatiti ya nyuzi nane kwa mjomba wake, anayeweza kuimba usiku kucha na kuzuia mdundo kwa pete ya kidole cha mguu, hana gredi hata moja ya kuonyesha. Chuo chochote cha Kenya kitakachomwambia kijana huyo kwamba hajui muziki, tutakiandikia.

Memba ambaye mtoto wake ameitwa kwa majaribio na hana nauli au ala, amletee katibu wa tawi barua ya mwito mapema, pamoja na karatasi ya ada, ili chama kiweze kuiandikia ofisi ya chuo kabla siku haijafika.