Hela ya Mtandaoni Iko Njia ya Kisarawe

Bumu likishaingia tu, hapa Mlimani kila chumba cha hosteli kinageuka duka. Huyu ana kava za simu, yule yeboyebo, mwingine mawigi, na wote wamechukulia Kariakoo, pengine duka lile lile. Wanaposti Instagram na WhatsApp asubuhi mpaka usiku. Wanamuuzia nani sasa? Mwanafunzi mwenzao wa chumba cha pili, ambaye na yeye Kariakoo anaijua vizuri tu! Basi wanashushiana bei mpaka faida inabaki mia tano, halafu wanasema biashara ya mtandaoni haina hela.

Mimi nasema hela ipo, ila wanaitafuta isipokuwepo. Kitu cha bei rahisi mtu hakununui kwako kwa ajili ya bei, maana bei hiyo Kariakoo ipo kila siku. Ananunua safari ambayo yeye hatakwenda. Na wenye safari ndefu ni watu wa Kibaha, kilometa kama 40 kutoka katikati ya Dar kwa barabara ya Morogoro, na wa Kisarawe, huko ukishapita Gongo la Mboto na Pugu. Mtu akifunga safari kufuata chaja, nauli na siku nzima vinazidi chaja yenyewe.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme kava unalichukua kwa 2,000 na kuliuza 5,000. Ukimpelekea mteja mmoja Maili Moja, ile 3,000 yako imeishia kwenye nauli. Lakini ukikusanya oda wiki nzima, ukapeleka Jumamosi moja kava 15, hata watatu wakikataa mzigo unabaki na 36,000. Toa nauli na bando, tuseme 8,000, zinabaki 28,000. Jumapili fanya hivyo hivyo Kisarawe. Kwa mwezi ni kama 224,000. Si utajiri huo, lakini msosi, desa na bando havikusumbui tena, na bumu unaliheshimu.

Angalizo moja: hizi ni siku mbili kwa njia mbili. Kwenye ramani Kibaha na Kisarawe ni majirani, wote Mkoa wa Pwani, ila mzigo wako unatoka Dar, na mmoja anafuata Morogoro Road na mwingine njia ya Pugu. Ukitaka kuviunganisha siku moja, faida inakufia barabarani.

Sasa kuna kitu kinatuua kuliko nauli, nacho ni "tuma hela kwanza". M-Pesa imeingia Tanzania mwaka 2008, na leo mama wa kijijini anatuma hela bila kuuliza mtu. Lakini ni huyo huyo anayepokea meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Ameshaona watu wakitumiwa picha ya kiatu kikali, wakalipa, wakapigwa bloku. Unadhani atakuamini wewe ambaye hata bei unaificha, "njoo inboksi"? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba wa mtandaoni, sawa, lakini nani ataenda mahakamani kwa ajili ya yeboyebo? Anachofanya ni kuacha kununua, na anawaambia na majirani. Tapeli mmoja anatufungia mtaa mzima.

Kwa hiyo msimamo wangu: andika bei hadharani, na mtu alipe akishakishika kitu mkononi. Najua mtaniuliza, akikataa je? Akikataa unarudi nacho, kava halichachi, wiki ijayo linamfaa mwingine. Hapo ndo utamu wa bidhaa ndogo. Hasara ya kukataliwa mara tatu unaiona kwenye hesabu hapo juu, inabebeka. Hasara ya kutoaminika haibebeki.

Kama unataka iwe kazi ya kuendesha familia, sio ya bumu tu, itabidi uache kutembea nyumba kwa nyumba. Tafuta mama mwenye genge au duka pale pale mtaani, mpe 500 kwa kila mzigo, wateja wachukulie kwake na kulipa kwake. Wanamjua, wanajua anapolala. Wewe unampa konda mzigo na kubaki unatafuta oda. Unapunguza faida kwa kava moja, ila unaweza kuhudumia mitaa mitano badala ya mmoja.

Na msiogope wakubwa. Jumia walikuwa na tovuti, mtaji na jina, lakini walifunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019. Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, vibao vya mitaa vikawekwa, lakini piga simu kwa mteja leo uone: "ukifika kwenye mwembe kata kushoto, ulizia kwa mama fulani." Kampuni haina mfanyakazi wa kuujua ule mwembe. Wewe uliyekulia huko unao kichwani bure kabisa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Pwani, kabla hujaliingiza bumu lote kwenye belo la mawigi, jiulize kwanza utamuuzia nani, na huyo mtu atakuamini kwa lipi. Ukipata jibu, kachukue mzigo.