Simba wa Fulana Hana Ukoo

Siku hizi ukoo usio na nembo unaonekana hauna asili. Nenda harusini huku Usukumani, Nkololo au Bariadi mjini, uone fulana: ngao, mikuki miwili imekingamana, simba juu, jina la babu chini. Mjukuu aliyekuja kutoka Dar es Salaam atakwambia ametafiti, hiyo ndiyo nembo ya kale ya ukoo, ila wazee waliisahau. Wazee hawakusahau kitu. Haikuwapo.

Hata Uingereza, mtindo huu ulikoigwa, jina halina nembo. Chuo cha nembo cha London, kilichoanza mwaka 1484, humpa nembo mtu, kisha wazawa wake halali. Smith wa mtaa wa pili haimhusu. Anayemuuzia kila Smith "nembo ya akina Smith" yuko kwenye biashara moja na mchapa fulana wetu.

Sasa turudi Usukumani, tulitazame jina kama Shija. Wasukuma humwita hivyo mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, Kulwa na Doto. Usukumani kote wamejaa akina Shija wasio na undugu wowote. Jina la babu lilipokuwa jina la tatu kwenye cheti cha shule, ndipo tukaanza kulidhania jina la ukoo. Babu aliitwa Shija kwa sababu ya mapacha waliomtangulia, basi. Simba kaingiaje hapo?

Ukiwabana wenye fulana, wanakimbilia kwa watemi, yaani machifu wa Kisukuma. Ni kweli mtemi alikuwa na ngoma zake, kiti chake na ndeji yake, pambo la utemi. Mwenye shaka aende makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, aliyoyaanzisha Padri David Clement. Lakini vitu vile vilikuwa vya utemi, havikuwa vya nyumba ya mtu. Tena zamani katika himaya nyingi za Usukuma mrithi alikuwa mtoto wa dada yake mtemi. Mtoto wa kumzaa aliziona ngoma zikienda kwa binamu. Kwa hiyo anayejitapa leo kwamba ni mjukuu wa mtemi kwa upande wa baba, mara nyingi anatutajia upande ule ule uliokosa ngoma! Na mwaka 1963 serikali ikaufuta uchifu wenyewe.

Alama zilikuwapo, sikatai. Ng'ombe alitiwa chapa au kukatwa sikio ajulikane ni wa nani. Ila ng'ombe hutoka kwa mahari, na alama ya babu ikaishia kwenye zizi la wakwe. Kwenye uchezaji ngoma watu waligawanyika vikundi viwili, Bagika na Bagalu, wafuasi wa waganga Ngika na Gumha, na ndugu wa tumbo moja waliweza kusimama pande mbili wakishindana. Nembo gani ya ukoo ingewaweka hao pamoja?

Anayetaka asili na aache kompyuta ya mchapaji, aende kwa bibi na swali moja lisilopendeza: mama yake babu alilipiwa mahari? Kwa mila ya Kisukuma, ng'ombe wasipofika, mtoto ni wa kwao mama. Bibi akijibu kwamba hawakufika, basi babu mliyemchora kifuani alikuwa mtu wa wajomba zake, na fulana zote zimebeba ukoo wa wengine.