Nyumba ya Mwalimu Mgeni

Nashukuru kupata nafasi katika gazeti la shule yetu nieleze jambo ambalo wanafunzi hulinong'ona bwenini na wazee hulikwepa mkutanoni. Jambo lenyewe ni kodi ya nyumba wanayotozwa walimu wanaotoka mbali kuja kufundisha katika wilaya zetu za Masasi na Newala. Naomba radhi mapema kwa wakubwa wangu, kwa maana mmoja wa watu nitakaowataja ni mjomba wangu mwenyewe, na kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kusemwa ovyo.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu tulipata mwalimu wa fizikia, kijana aliyetoka mkoa wa Kagera. Safari ya basi kutoka huko hata hapa Newala ni ya siku mbili au zaidi. Nyumba za walimu shuleni ni chache, nazo zilikuwa zimejaa. Basi akatafuta chumba mjini, akakipata katika nyumba ya mjomba. Mjomba akamweleza sharti la siku zote: kodi hulipwa ya miezi sita, tena kabla ya kuingia. Mshahara wa kwanza wa mwalimu ulikuwa haujafika. Akakopa kwa walimu wenzake, akalipa.

Miezi sita ilipokaribia kwisha aliomba alipe mwezi kwa mwezi. Mjomba akakataa. Mwalimu akahamia kijiji kilicho mbali na shule, akawa anakuja kwa pikipiki ya kukodi, na siku za mvua kubwa hakuweza kuja. Mwisho aliomba uhamisho, akaenda zake. Sisi tunaosoma fizikia tumebaki na daftari tulizoandika zamani zake. Mtihani wetu ni mwezi wa Novemba.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye mshahara, fedha hizo si nyingi mno. Lakini ya miezi sita ni shilingi 180,000 kwa mkupuo mmoja, na ya mwaka mzima ni shilingi 360,000. Mwalimu anayeanza kazi hana akiba. Kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Tena yampasa anunue godoro, jiko, sufuria na ndoo, na nyumbani alikotoka wazazi wanamngojea, kwa kuwa wamekwisha kusikia kwamba mtoto wao ameajiriwa.

Kisha yako maji. Kila aliyekaa juu ya uwanda wa Makonde ajua kwamba mito haipo huku juu. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, husukuma maji kutoka bondeni mpaka juu, na bomba likikauka, mwenye kisima cha kuvunia maji ya mvua ndiye tajiri. Mwenyeji ana kisima chake au cha ndugu yake. Mgeni hununua kwa ndoo. Masasi, iliyo chini penye majabali, ina taabu ya namna nyingine. Mji ule ni njia panda ya kwenda Mtwara, Tunduru, Nachingwea na Newala, na tangu Daraja la Umoja lilipofunguliwa mwaka 2010 ni njia ya Msumbiji pia. Hapo mwalimu hushindana na mfanyabiashara na dereva wa lori kwa chumba kilekile.

Watu wengine wakifika hapa huwalaumu wenye nyumba na kuwaita walafi. Mimi sitasema hivyo. Wakati wa likizo nilimwendea mjomba nikamwuliza kwa adabu sababu ya miezi sita. Alinijibu hivi: "Mjomba, korosho hunipa fedha mara moja kwa mwaka, wakati wa minada. Ukifika mwezi wa Mei fedha zimekwisha, na shamba lataka palizi na dawa. Kodi ya mwezi mmoja huliwa na chumvi na sabuni. Kodi ya miezi sita hununua bati. Nyumba hii unayoiona niliijenga bati baada ya bati." Kisha akaniambia kwamba mpangaji mmoja aliwahi kuhama usiku akiacha deni la miezi mitatu.

Maneno hayo ni ya kweli, na asiyeyajua hafai kutoa hukumu. Walakini nilimkumbusha mjomba jambo moja. Katika msimu wa mwaka 2018 serikali ilitangaza kwamba itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Korosho zikapelekwa ghalani, na wakulima wengi wakangoja fedha zao miezi mingi. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka tulivyokula. Wakati ule mwenye duka aliyesema, "Chukueni, mtalipa mtakapolipwa," alionekana mtu mwema, na mpaka leo nyumbani hutajwa kwa heshima. Mwalimu mgeni anayengoja mshahara wake yu katika hali ileile tuliyokuwa nayo sisi. Yeye naye ataka mtu wa kumwambia vivyo hivyo.

Tena liko jambo linalonitia haya. Wanafunzi waliotutangulia hutusimulia kwamba hapo nyuma shule yetu ilipata mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani. Kabla hajafika, nyumba ilipakwa rangi, kitasa kipya kikatiwa, na mabomba ya kuvunia maji yakatengenezwa. Hakulipa kodi. Ndivyo mpango wa Peace Corps, ambao watu wake wa kwanza walifika Tanganyika mwaka 1961, unavyotaka: wenyeji wampokeao mgeni wamtafutie nyumba. Sina kinyongo na mgeni yule, maana alifanya kazi nzuri, nasi twapaswa kumshukuru. Nauliza tu: kama tuliweza kumwekea nyumba mgeni aliyevuka bahari, kwa nini mgeni aliyevuka ziwa Viktoria kwa meli, au aliyetoka Kagera kwa basi, hatumwekei? Je, huyu kwa kuwa ni Mtanzania mwenzetu ndiyo sababu akakope?

Yafaa tukumbuke kwamba elimu ya nchi hii ya kusini ilianzwa na wageni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa katika utumwa, wakakaa pale, wakajenga, wakafundisha. Baadaye watoto wa huku wakasoma wakawa walimu wa wenzao, na mmoja wa watoto wa Masasi, Benjamin Mkapa wa Lupaso, alikuwa Rais wa nchi yetu tangu mwaka 1995 hata mwaka 2005. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji ikiwa usiku halali kwa kuwaza kodi.

Tusingoje sheria itutengenezee mambo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na kodi ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji. Vema, mapatano hufanywa na watu, na watu waweza kuyabadili. Kwa hiyo natoa mashauri matatu.

Shauri la kwanza ni kwa wenye nyumba. Mwalimu mgeni na alipe mwezi kwa mwezi katika miezi sita ya kwanza, na mapatano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, pamoja na jina la shule yake. Mtu aliyeandikwa hivyo hahami usiku, kwa sababu kesho asubuhi ajulikana alipo: yuko darasani, anamfundisha mtoto wa mwenye nyumba. Akikwisha kuzoea na kuweka akiba, ndipo mzee aombe kodi ya miezi mingi, naye atailipa bila kukopa.

Shauri la pili ni kwa wazazi. Tangu mwaka 2016 hatulipi ada katika shule za sekondari za serikali, kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Hiyo ni neema kubwa. Lakini nyuma ya bwalo letu liko boma la nyumba ya mwalimu, kuta zimesimama, paa hakuna, na majani yameota sebuleni. Katika mkutano ujao wa wazazi naomba boma hilo liwe jambo la kwanza kuzungumzwa, siyo la mwisho wakati watu wamekwisha kushika kofia zao. Mwenye fedha atoe bati moja baada ya mnada. Fundi atoe siku moja ya kazi yake.

Shauri la tatu ni kwetu wanafunzi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, nasi huijibia maswali katika mtihani. Basi tuijibu kwa mikono pia. Mchanga tunaweza kuuchota, matofali tunaweza kuyafyatua, na shimo la kisima cha kuvunia maji tunaweza kulichimba Jumamosi mbili, bila kungoja kuamrishwa na kiranja. Sisi wa Kidato cha Nne hatutafaidi nyumba hiyo, maana tutakuwa tumekwisha kuondoka. Hata hivyo wadogo zetu wako Kidato cha Kwanza, nao watahitaji mwalimu wa fizikia.

Nilipomweleza mjomba shauri langu la kwanza, hakusema ndiyo wala hapana. Aliniambia nirudi shuleni nikasome. Nimerudi, nami nasoma, ila somo moja halina mwalimu. Chumba kile kimepata mpangaji mwingine, mnunuzi wa mazao, aliyelipa ya mwaka mzima. Msimu ukiisha ataondoka. Najua mjomba atakuja Siku ya Wazazi na atalisoma gazeti hili, kwa kuwa hulisoma lote tangu mwanzo hata mwisho. Shikamoo, mjomba. Chumba kitakapokuwa wazi, naomba kwanza umwulize Mkuu wa Shule kama kuna mwalimu asiye na pa kulala.

Mwenye mawazo mengine na ajibu katika toleo lijalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne